Siku, Daftari na Shahidi: Jinsi ya Kushikilia Lengo la Deni, Chakula na Afya

Leo hatuzungumzii jinsi ya kupiga picha nzuri ya bidhaa wala jinsi ya kujibu mteja anayeuliza bei halafu anapotea. Leo tunamzungumzia muuzaji mwenyewe, yaani wewe. Ukiumwa, duka limefungwa. Ukielemewa na madeni, mtaji unaliwa. Hakuna mtu wa kukushikia simu ukilala hospitali.

Wauzaji wengi wadogo wana malengo matatu yanayofanana: kumaliza deni, kula vizuri, na kuangalia afya. Yanaandikwa mwezi wa kwanza kwa moto mkubwa. Mwezi wa pili hayakumbukwi tena. Ukimuuliza mtu anakwambia, "Mimi sina nidhamu."

Subiri kwanza. Huyo huyo asiye na nidhamu, kikoba anatoa hisa kila wiki bila kukosa. Mvua inyeshe, oda zikose, atahangaika mpaka hisa ipatikane. Kwa hiyo nidhamu anayo. Swali ni hili: kikoba kina nini ambacho lengo lako la nyumbani halina?

KIKOBA KINATUFUNDISHA NINI

Mtindo huu wa vikundi vya kuweka na kukopa vijijini ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, wakianza na akina mama. Kutoka huko ukasambaa nchi nyingi za Afrika, na kwetu tunaujua kama VICOBA na majina mengine. Watu wengi wenye kipato kisichotabirika wameweza kuweka akiba kwa njia hii. Siri yake si hamasa. Ni mambo manne tu:

1. Siku. Mkutano una siku na saa. Hakuna "nitatoa nikipata".
2. Daftari. Kila hisa inagongwa muhuri au inaandikwa. Unaona kwa macho ulipofika.
3. Shahidi. Hela inahesabiwa mbele ya watu. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti.
4. Faini. Ukichelewa hufukuzwi. Unalipa faini ndogo, unaendelea.

Kuna la tano watu hawalioni: mzunguko. Kikundi kinaanza na kinaisha, kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja, kisha watu wanagawana. Na vikundi vingi hupanga siku ya kugawana iangukie wakati ambao wanachama wanahitaji hela kweli.

Sasa tuyachukue haya tuyapeleke kwenye malengo yetu matatu.

SOMO LA KWANZA: DENI

Tuchukue mfano wa muuzaji wa Majimoto, kule Halmashauri ya Mpimbwe, mkoani Katavi. Ni nchi ya mpunga. Tuseme anauza mchele kwa stetasi ya WhatsApp, mzigo unapanda basi kwenda Mpanda. Mwenzake anauza vitenge. Wote wawili wanaishi kwa kalenda moja, kwa sababu hata mnunuzi wa kitenge ni mkulima, au mke wa mkulima, au fundi anayelipwa na mkulima.

Katavi ina msimu mmoja wa mvua. Zinaanza kama Novemba au Desemba mpaka Aprili, na mpunga unavunwa kuanzia Mei kwenda mbele. Maana yake Januari ndiyo mwezi mgumu: shamba linataka palizi, watoto wanataka sare na madaftari, wateja wanasema "nikivuna nitachukua". Halafu wewe Januari hiyo hiyo unaapa kulipa deni laki moja kila mwezi! Lengo hilo lilikuwa limeshakufa kabla halijaanza. Si uvivu, ni kalenda.

Kwa hiyo gawa mwaka wako mara mbili.

Miezi ya kulinda (Desemba mpaka Aprili): lengo ni kutoongeza deni jipya, na kulipa kiasi kidogo ambacho hakikosekani, hata 3,000 kwa wiki. Hapa ndipo watu wanauza mpunga ungali shambani kwa bei ya kutupa ili wapate hela ya haraka. Ukivuka miezi hii bila kufanya hivyo, umeshinda nusu ya vita.

Miezi ya kushambulia (Juni mpaka Septemba): hela inazunguka, oda zipo. Hapo ndipo unalipa kwa nguvu kabla hujanunua simu mpya.

Kama upo mjini au unauza vitu vya shule, kalenda yako ni nyingine. Angalia mauzo yako ya mwaka jana, utaiona.

Sasa andika madeni yote kwenye ukurasa mmoja. Yote, hata yale ya aibu. Tuseme yako hivi:

Deni la simu: 30,000
Kausha damu: 200,000, riba asilimia 20 kwa mwezi
Duka la jumla Mpanda: 150,000, halina riba
Jumla: 380,000

Uanze na lipi? Kuna wanaosema dogo kwanza, ili upate moyo. Kuna wanaosema lenye riba kubwa kwanza, ili uokoe hela. Hapa fanya hivi: maliza la simu, maana ni dogo, na mara nyingi mteja akikutumia malipo kampuni inakata kwanza chake, unabaki huna hela ya kununua mzigo wa huyo mteja. Kisha nguvu zote kwenye kausha damu. Wakati huo duka la jumla unalipa kidogo kidogo kwa makubaliano.

Kwa nini kausha damu? Piga hesabu. Deni 200,000 kwa riba ya asilimia 20, ni 40,000 kwa mwezi. Ukilipa 100,000, deni linashuka 60,000 tu. Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wenye leseni wasiopokea amana. Kwa riba hiyo ungelipa riba 7,000, na deni lingeshuka 93,000. Tofauti ni 33,000, kwa mwezi huo mmoja tu. Huo ni mtaji unaomkabidhi mtu mkononi.

Na uangalie programu za mikopo kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Ukihitaji mtaji tena, uliza kwanza halmashauri kuhusu ile mikopo ya asilimia 10: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hutolewa zaidi kwa vikundi na haina riba. Lakini ile ni ya biashara, usiichukue kuziba shimo la kausha damu.

Siku: chagua moja, mfano Jumatatu jioni baada ya kutuma mizigo. Daftari: andika tarehe, kiasi, na deni lililobaki. Shahidi: mtu mmoja anayejua ukweli wote. Mume, mke, dada, au mwenzako wa biashara. Deni la siri ndilo linaloua watu usingizi.

Na anayekudai usimkimbie. Mtu hakasirishwi sana na deni, anakasirishwa na simu isiyopokelewa. Tuma ujumbe kabla ya siku kufika:

"Shikamoo mama. Lile deni lako la 150,000 nalikumbuka. Wiki hii mauzo yamekuwa madogo. Leo natuma 10,000, na kila Jumatatu nitatuma 10,000 mpaka liishe. Nakushukuru kwa kunivumilia."

Kisha Jumatatu ikifika, tuma kweli. Baada ya Jumatatu tatu utaona hata sauti yake inabadilika.

SOMO LA PILI: CHAKULA

Kazi ya mtandaoni ina tabia zake. Asubuhi unajibu meseji, mchana unakimbiza mzigo basi lisikuache, unakumbuka kula saa kumi. Njaa imeshakuwa kali, unaishia kwenye chipsi mayai na soda. Usiku tena wali sahani imejaa, halafu kitandani na simu.

Huhitaji chakula cha kununua dukani chenye maneno ya kupunguza unene. Sahani ile ile ya nyumbani inatosha, badilisha vipimo tu. Nusu ya sahani iwe mboga: matembele, mchicha, majani ya kunde, majani ya maboga. Robo iwe wali au ugali. Robo iliyobaki maharage, dagaa au samaki. Sisi wa nchi ya mpunga tunafanya kinyume: wali unajaza sahani, mboga inawekwa pembeni kama pambo.

Soda nayo tuiongelee. Chupa ya mililita 350 ina sukari ya kama vijiko 9 vya chai. Hakuna anayeweka vijiko 9 kwenye kikombe chake! Na tuseme unainunua kwa 800 kila siku. Mwezi mzima ni 24,000. Rudi kwenye daftari la deni: hiyo inakaribia deni lote la simu. Ndiyo maana nasema malengo haya matatu ni ndugu. Ukigusa moja unasukuma jingine.

Lengo lako lisiwe "nipungue kilo 10". Kilo huziamrishi, na mizani hubadilika hata kwa maji uliyokunywa. Lengo liwe kitendo: "Saa saba mchana nakula, simu iko pembeni." "Soda ni Jumapili tu." Kitendo unaweza kukitia alama kwenye daftari kila siku, umefanya au hujafanya.

SOMO LA TATU: AFYA

Presha haina adabu ya kubisha hodi. Mtu anaweza kutembea nayo miaka bila maumivu yoyote. Kipimo kikisoma 140 kwa 90 au zaidi, na kikarudia hivyo siku nyingine, hiyo ni presha ya juu na inahitaji mtaalamu. Kupima kunachukua dakika chache tu zahanati au kituo cha afya. Pima, andika namba kwenye daftari lile lile.

Hapa nisikilize vizuri. Mtu akibanwa na deni, kitu cha kwanza kukata huwa dawa. Anasema, "Mbona najisikia mzima, mwezi huu nisinunue." Kujisikia mzima si kipimo; presha inashikiliwa na dawa. Ukiiacha, presha inapanda kimya kimya, na siku ikikuangusha kwa kiharusi, deni litabaki pale pale ila mlipaji hayupo kazini. Dawa ya presha au kisukari si matumizi ya kukata. Iweke juu ya orodha, kabla ya bando. Ikikushinda bei, rudi kwa daktari umwambie ukweli, usijikatie mwenyewe.

Mazoezi: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuchangamka. Ni dakika 30 kwa siku 5. Mteja wa karibu mpelekee kwa miguu badala ya boda, umefanya mazoezi na umeokoa nauli. Chumvi nayo isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ukihesabu na ile iliyomo kwenye vyakula vyote.

Na usingizi. Weka ujumbe kwenye WhatsApp ya biashara: "Tumefunga, tutakujibu saa moja asubuhi." Mteja wa kweli atasubiri. Na kama mawazo ya deni yamekufikisha mahali huli, hulali, au unaona bora usiwepo, usikae nayo peke yako. Mwambie mtu leo, na ufike kituo cha afya. Deni hulipwa na mtu aliye hai.

UKIANGUKA, LIPA FAINI

Utakosa. Msiba utatokea, mtoto ataumwa, wiki itapita bila oda. Watu wengi hapo ndipo wanaacha kabisa: "Nimeshaharibu, basi." Kikoba hakifanyi hivyo. Ukikosa, unalipa faini, wiki ijayo upo kwenye kiti chako.

Jiwekee faini yako. Umekosa Jumatatu? Jumanne tuma hata 1,000 na uandike. Umekunywa soda Jumatano? Kesho tembea dakika 15 za ziada. Sheria ni moja: usikose mara mbili mfululizo.

KAZI YA WIKI HII

1. Nunua daftari dogo. Usiandike kwenye simu, simu ina kelele nyingi.
2. Ukurasa wa kwanza: madeni yote, riba zake, na jumla.
3. Ukurasa wa pili: miezi 12, weka alama miezi ya hela na miezi ya ukame.
4. Ukurasa wa tatu: vitendo vitatu tu. Kimoja cha deni, kimoja cha chakula, kimoja cha afya.
5. Chagua siku yako na shahidi wako. Mwonyeshe daftari kila wiki.
6. Kapime presha.

Ukiona mambo sita ni mengi, anza na la pili na la sita. Hayo mawili ndiyo watu wanayakwepa zaidi, na ndiyo yanayouma zaidi yakichelewa.

Hamasa ni kama mvua za Novemba, inakuja kwa kishindo na inaweza kukatika. Siku, daftari na shahidi vinabaki. Mtumie somo hili mwenzako mmoja ambaye ungependa awe shahidi wako, na mwambie mnaanza Jumatatu.

Kazi njema.