Sheria kwa Maneno ya Mwananchi: Jinsi ya Kuunda Programu ya Kutafutia Sheria Garissa

Sheria za Kenya zimo mtandaoni, bure, katika tovuti ya Kenya Law, yaani Baraza la Kitaifa la Kuripoti Sheria lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Hata hivyo, mfanyabiashara wa ng'ombe katika soko la mifugo la Garissa akitaka kujua ushuru halali wa ng'ombe mmoja, humuuliza yuleyule anayemtoza. Sheria ipo, lakini imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili na kupangwa kwa nambari, na ile ya kaunti mara nyingi ni picha tu ya karatasi zilizopigwa muhuri.

Mwongozo huu ni wa vijana wa Garissa, Wajir na Mandera wanaojua Python kidogo na wamewahi kugusa hifadhidata. Kazi hii haitaki pesa nyingi. Inataka uangalifu katika mambo mawili ambayo waundaji wengi huyaacha mwisho: tarehe za sheria, na maneno ya watu.

Hatua ya 1: Kusanya maswali kwanza

Kompyuta isubiri. Nenda sokoni, Huduma Centre, ofisi ya chifu, mahakama ya kadhi na kambi za wakimbizi za Dadaab, uandike maswali daftarini kama yalivyoulizwa, bila kuyasafisha. "Kaunti inaweza kumpa mwekezaji malisho yetu bila kutuuliza?" "Mbona mwanangu anaambiwa alete wazee ndipo apewe kipande?" "Mkimbizi anaruhusiwa kufungua duka?" Maswali mia yanatosha kuanza. Daftari hilo lihifadhi vizuri, maana ndilo litakaloipima programu yako mwishoni.

Hatua ya 2: Chagua sheria chache

Usijaribu kubeba sheria zote za nchi. Chukua zinazojibu daftari lako: Katiba ya 2010, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, Sheria ya Wakimbizi ya 2021, Sheria ya Usajili wa Watu (Sura ya 107), Sheria ya Mahakama za Kadhi (Sura ya 11), Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, na sheria za fedha za kaunti, ambazo ndizo zenye majedwali ya ada na ushuru.

Hatua ya 3: Pata maandishi kwa njia halali

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya haihesabu sheria iliyoandikwa wala hukumu ya mahakama kuwa kazi ya fasihi yenye hakimiliki. Maandishi ya sheria yenyewe, basi, ni ya umma. Muhtasari na maelezo yaliyoongezwa na wahariri ni jambo jingine, hayo usiyachukue. Tena usiivamie tovuti ya watu kwa programu inayopakua kurasa elfu kwa dakika. Omba ruhusa, pakua polepole, na kila faili liandikie lilikotoka na siku ulipolichukua.

Sheria za kaunti zitakusumbua zaidi. Ukikosa nakala, andika ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na afisa husika anatakiwa kulitolea uamuzi ndani ya siku 21. Ukipewa picha zilizoskaniwa, zipitishe kwenye Tesseract, programu ya bure inayosoma herufi kutoka kwenye picha, kisha msomaji wa kibinadamu alinganishe kila ukurasa na picha yake. Majedwali ya ushuru yasomwe na watu wawili. Sufuri moja ikiongezeka, mtu atadaiwa mara kumi.

Hatua ya 4: Ipe kila sheria utambulisho na tarehe zake

Hapa ndipo programu nyingi hupotea. Chukua Sura ya 287. Zamani nambari hiyo ilikuwa ya Sheria ya Ardhi (Wawakilishi wa Vikundi). Sheria ya Ardhi ya Jamii ilipokuja 2016 iliifuta, na katika toleo jipya la Sheria za Kenya yenyewe ndiyo ikapewa Sura ya 287. Barua ya miaka ya 1990 inayotaja Sura ya 287 na barua ya mwaka huu zinazungumzia sheria mbili tofauti. Kwa hiyo nambari ya sura isiwe utambulisho wa sheria ndani ya hifadhidata yako. Iwe jina la kutafutia tu.

Utambulisho bora ni anwani kama inayotumiwa na Kenya Law yenyewe: akn/ke/act/2016/27/eng@2022-12-31. Inasema nchi, aina ya waraka, mwaka, nambari ya sheria katika mwaka huo, lugha, na tarehe ya toleo. Mfumo huo ni Akoma Ntoso, uliotokana na mradi wa Umoja wa Mataifa wa kusaidia mabunge ya Afrika na kukubaliwa na shirika la OASIS mwaka 2018 kuwa kiwango cha kimataifa. Utumie. Ni kazi iliyozaliwa kwa ajili ya mabunge yetu, na itaiwezesha programu yako kuzungumza na nyingine.

Kisha weka tarehe tatu kwa uchache: kutiwa saini, kuanza kutumika, na kufutwa. Sheria ya Wakimbizi ilitiwa saini Novemba 2021, ikaanza kutumika Februari 2022 na kuchukua nafasi ya ile ya 2006. Mkazi wa kambi ya wakimbizi ya Hagadera akionyeshwa kifungu cha 2006 bila onyo, amepotoshwa.

Kaskazini Mashariki inahitaji tarehe ya nne. Sheria ya Kinga, Sura ya 44, ilitungwa 1970, lakini inahusu vitendo vya maafisa wa serikali katika eneo hili kuanzia tarehe 25 Desemba 1963 hadi tarehe 1 Desemba 1967. Ilirudi nyuma kuzuia madai ya watu waliokwisha kuumizwa. Hifadhidata isiyo na nafasi ya "kipindi kinachoguswa" itaiweka sheria hiyo mwaka 1970 na kuficha maana yake yote. Kwa sababu hiyohiyo, usizifute sheria zilizobatilishwa. Zipe alama nyekundu inayoonekana, uzitunze. Madai ya ardhi na ya haki za kale husimama juu ya sheria iliyokuwepo siku jambo lilipotendeka.

Hatua ya 5: Gawa kwa vifungu

Mtu hatafuti sheria nzima, anatafuta kifungu. Kila kifungu kiwe rekodi yake, kikibeba jina la sheria, sehemu na kichwa chake. Katika majedwali ya ushuru, kila mstari uwe rekodi: ng'ombe mstari wake, ngamia wake, mbuzi wake.

Hatua ya 6: Tengeneza faharasa

Hifadhidata ya SQLite na kiendelezi chake cha kutafutia maandishi, FTS5, vinatosha. Maelfu ya vifungu vitakaa kwenye kompyuta ya kawaida bila shida. Panga matokeo kwa kanuni ya BM25, inayolipa uzito neno adimu na kutokipa kifungu kirefu ushindi kwa sababu ya urefu wake tu.

Hatua ya 7: Jenga daraja la maneno

Tenga muda mwingi zaidi hapa kuliko katika hatua nyingine yoyote. Sheria ziko kwa Kiingereza, mwulizaji anaandika Kiswahili, na pengine Kisomali. Tengeneza jedwali la maneno: "ardhi ya jamii" na "dhul" yaelekee "community land", "mifugo" na "xoolo" yaelekee "livestock", "mkimbizi" na "qaxooti" yaelekee "refugee". Anayeandika "kipande" (kitambulisho) au "vetting" (kuhojiwa kabla ya kukipata) apelekwe kwenye kifungu cha 8 cha Sura ya 107, kinachompa msajili uwezo wa kudai ushahidi zaidi. Maneno haya yatoke kwenye daftari la hatua ya kwanza, kisha yapitiwe na wakili na mzee anayeijua lugha. Kwa istilahi za Kiswahili tazama pia Tanzania, iliyobadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama.

Mashine nyingi za kutafuta hukata mkia wa neno, kwa kuwa zilitengenezwa kwa Kiingereza. Kiswahili hubadilika kichwani: mkimbizi, wakimbizi; kitambulisho, vitambulisho. Tumia faharasa ya herufi tatutatu, inayopatikana katika SQLite tangu toleo la 3.34 la mwaka 2020, ili sehemu ya neno itoshe. Itasaidia pia kwenye tahajia za Kisomali, ambako Mohamed huandikwa Maxamed na Wajir huandikwa Wajeer. Lakini majina makuu yaingize mwenyewe kwenye jedwali.

Hatua ya 8: Ukurasa wa majibu

Uwe mwepesi: maandishi, bila picha, ufunguke kwenye simu ya bei ndogo kule Hulugho ambako mtandao ni dhaifu. Kila jibu lionyeshe kifungu chenyewe, tarehe ya toleo, hali yake, na kiungo cha maandishi rasmi. Ukitaka kuongeza maelezo ya Kiswahili, yaandikwe na mtu, yawekwe chini ya kifungu na kutajwa kuwa ni maelezo. Mimi siungi mkono akili unde itunge jibu badala ya kuonyesha sheria. Hubuni vifungu visivyokuwepo, na anayeumia ni aliyeamini.

Usihifadhi majina wala nambari za simu za wanaotafuta. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakubana, na katika eneo ambalo watu wamehojiwa uraia wao kwa miongo mingi, anayetafuta habari za kitambulisho ana haki ya kutafuta bila kuogopa.

Hatua ya 9: Pima, kisha lisha

Rudi kwenye daftari. Kwa kila swali wakili aandike kifungu sahihi, kisha utazame kama kimo katika majibu matatu ya juu. Swali la malisho na mwekezaji lilete kifungu cha 6 cha Sheria ya Ardhi ya Jamii, kuhusu ardhi isiyosajiliwa inayoshikiliwa na kaunti kwa niaba ya jamii, na kifungu cha 36, kinachotaka theluthi mbili ya mkutano wa jamii wakubali. Lisipoleta, rekebisha jedwali la maneno kabla ya kugusa msimbo.

Baada ya hapo, mtu mmoja apewe zamu ya kusoma Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo kwa kawaida hutoka Ijumaa. Kifungu cha 199 cha Katiba kinasema sheria ya kaunti haina nguvu mpaka ichapishwe humo. Mwenye zamu akihama, apatikane mwingine siku hiyohiyo. Kama hakuna, andika juu ya ukurasa tarehe ya mwisho ya kusasishwa.

Na ninyi makarani wa mabunge ya kaunti za Garissa, Wajir na Mandera: mnapochapisha sheria, wekeni na faili la maandishi pamoja na ile picha yenye muhuri. Faili hilo tayari limo kwenye kompyuta iliyoandikia mswada.