Bei ya Mwisho Ni Ipi? Kupatana Bei Soko la Taveta Ukilipa kwa Simu

Jumatano na Jumamosi ni siku za soko Taveta, na siku hizo Bomeni huamka mapema. Ndizi zinashuka kutoka mashambani, marobota ya mitumba yanafunguliwa, na wateja wanaingia kutoka pande zote mbili za mpaka: Voi na Mwatate huku, Holili, Himo na Moshi kule. Karibu kila kitu hapo kina bei mbili, ya kutajiwa na ya kununulia, na katikati yake ndipo watu hupatana.

Wateja wetu wengi wanajua kupatana kuliko sisi, kwa hivyo hatujaja kuwafundisha hilo. Tunajua mnasalimia kwanza, mnashika bidhaa mkiitafuta kasoro, mnaondoka hatua tatu mkisubiri kuitwa. Somo letu linaanza pale ambapo wengi hudhani kazi imekwisha. Umepunguziwa, umetoa simu, na hapo hapo lile punguzo linaanza kukuponyoka bila mtu kuliona.

Tuchukue mfano wa koti la mitumba. Mama ameanza na 800, wewe ukasema 500, mkasukumana mpaka 650. Umeokoa 150. Kisha anakwambia, "Sawa, tuma kwa hii namba yangu, na uweke ya kutoa." Tuseme ada ya kutuma ni shilingi 13 na ya kutoa kwa wakala ni 29. (Hizi ni za mfano, viwango hubadilika, angalia jedwali la ada kabla ya kwenda soko.) Koti sasa limekuwa 692. Zaidi ya robo ya ulichookoa imekwenda, na hamkuijadili hata kwa neno moja.

Hiyo "ya kutoa" inastahili kutazamwa vizuri. Muuzaji akipokea pesa kutoka kwa wateja 10, kila mmoja 650 na 29 juu yake, jioni ana 6,500 za bidhaa na 290 za kutolea. Lakini hatazitoa mara 10. Atakwenda kwa wakala mara moja, na tuseme kutoa kiasi hicho kwa mkupuo ni shilingi 87. Zile 203 zinazobaki si ada ya mtu yeyote. Ni bei iliyopanda kidogo kidogo kwa jina lingine. Na pengine hatatoa zote, kwa sababu mwenye robota naye anapokea kwa simu.

Hatusemi anaiba. Amelipa ushuru wa kaunti, gari na mtu wa kubeba mzigo, na pengine amekupunguzia 150 akijua hizo 29 zitamshikilia. Tunachosema ni kwamba ya kutoa ni sehemu ya bei kama bei yenyewe, kwa hivyo ipatanishwe pamoja nayo. Swali la kuuliza kabla hujasema "haya, nipe" ni hili: "Mama, hiyo 650 ni pamoja na ya kutoa ama?" Likiulizwa wakati huo ni mazungumzo ya kawaida. Likiulizwa koti likiwa tayari kwenye karatasi, linakuwa ugomvi.

Kama ana nambari ya till, mambo ni mepesi zaidi. Kwa kawaida mnunuzi hakatwi kitu, na muuzaji hukatwa asilimia ndogo tu. Ikiwa ni nusu asilimia, kwa 650 ni shilingi tatu na senti kidogo. Kwa hivyo una neno la kumwambia: "Nikulipe kwa till, sote tusikatwe sana, nifanyie 640." Wewe umelipa 640 badala ya 692. Yeye amepata karibu 637, ambayo haiko mbali sana na 650 aliyoitaka. Atakapohitaji pesa taslimu atalipia kuzitoa, kweli, lakini mara moja kwa siku.

Akikataa, mwenye haki ya kukataa ni yeye. Wapo wasiotaka till kwa sababu zao, na wapo ambao taslimu ndiyo inayowafaa kwa kuwa mkulima anayewaletea ndizi hataki kitu kingine.

Hilo si geni Taveta. Mwaka 1883 msafara wa Mskoti Joseph Thomson ulipopumzika hapa ukielekea nchi ya Wamaasai, ilibidi shanga zake zitungwe upya, kwa sababu kule zilipokelewa zikiwa za urefu fulani tu. Mali ilikuwa ile ile, ila ilikosa umbo ambalo mpokeaji angelikubali. Kupatana bei bila kupatana namna ya kulipa ni kufanya nusu ya kazi, tangu enzi za shanga.

Na Taveta ina jambo jingine ambalo soko la Voi halina sana: shilingi mbili. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Taveta na Holili kifunguliwe rasmi 2016, kuvuka na mzigo kuna utaratibu ulionyooka zaidi, na sokoni utasikia bei ikitajwa kwa pesa za Kenya na za Tanzania kwa pumzi moja. Hapo punguzo hujificha ndani ya kiwango cha kubadilisha. Sema bidhaa ni 36,000 za Tanzania na wewe unalipa za Kenya. Muuzaji akihesabu shilingi moja yetu kwa 18 zao, utatoa 2,000. Akihesabu kwa 20, utatoa 1,800. Mtu anaweza kukupunguzia mia kwa mdomo huku akiirudisha mara mbili kwenye hesabu, na asiwe hata na nia mbaya: wengi hutumia namba iliyo rahisi kugawanya kichwani.

Dawa yake ni kupatana kwa sarafu moja tangu mwanzo, ile utakayolipia. Ukiulizia kwa pesa za Tanzania, maliza kwa za Tanzania, kisha mkubaliane kiwango kama jambo la pili linalojitegemea. Kiwango cha siku kitazame kabla hujafika, si mbele ya meza ya mtu. Na ukipewa namba inayoanza na +255, kumbuka kwamba anayebadilisha pesa hapo si muuzaji tena bali ni kampuni za simu, kwa kiwango chao na ada yao. Soma kwenye skrini ni kiasi gani kitamfikia kabla hujaweka namba ya siri. Asipofikiwa na kiasi mlichopatana atakudai, na atakuwa na haki.

Tuje kwa wanaonunua ndizi kwa jumla, maana hapa ndipo watu huumia kweli. Mnunuzi yuko Mombasa, anapiga simu, anapatana bei ya mkungu, kisha anaambiwa: "Tuma sasa hivi nikushikie bei hii, kuna mtu mwingine anataka." Kwa simu hujaona mkungu. Mkungu wa 300 unaweza kuwa mnono au ukawa vichane vinne vilivyokonda, kwa hivyo bei iliyoshuka bila ukubwa kutajwa haijashuka popote. Mwambie mtu unayemwamini asimame kwenye mzigo. Kama lazima utoe arbuni, iwe kiasi ambacho kikipotea biashara yako itasimama kesho, na jina litakalotokea kwenye simu liwe la mtu uliyezungumza naye. Jina likiwa jingine ukaambiwa "hiyo ni ya shemeji," sitisha kwanza. Punguzo la haraka haraka lina tabia ya kufunga macho, na matapeli wanalijua hilo vizuri.

Muuzaji naye ana hatari yake. Mteja aliyebishana nusu saa, foleni ikajaa, kisha akakuonyesha ujumbe kwenye simu yake na kuondoka mbio, huenda hajalipa. Ujumbe unaohesabika ni ule ulioingia kwenye simu yako wewe, na salio lako lililopanda. Mwambie tu, "Ngoja kidogo ndugu yangu, iingie." Mnunuzi wa kweli hakasiriki kwa dakika moja.

Na mtandao ukilemea, kama inavyotokea siku ya soko simu zikiwa nyingi, usilipe mara ya pili kwa wasiwasi. Angalia salio lako kwanza. Ikiwa pesa imetoka, msomee muuzaji namba ya muamala aiandike, mzigo ukae pale pale mezani, na wewe ukanywe chai karibu mpaka ujumbe umfikie. Kama salio halijapungua, hapo ndipo unalipa upya, kwa bei ile ile mliyopatana.