Toa Kinachohitajika Tu: Somo Fupi la Kulinda Taarifa Zako

Hebu tuhesabu pamoja. Chukua mkazi wa Mountain View anayepanda matatu asubuhi pale Waiyaki Way kwenda mjini. Kufikia jioni ameandika jina, namba ya simu na namba ya kitambulisho kwenye daftari la soja wa jumba fulani. Ametaja namba yake kwa sauti mbele ya foleni dukani. Ametoa pesa kwa wakala na maelezo yake yakaingia kwenye kitabu kingine. Usiku, akiomba mkopo mdogo, ameruhusu apu isome majina yote yaliyo kwenye simu yake.

Pesa zake zinalindwa na namba ya siri. Taarifa zake je? Zimebaki mahali pane, na hajui nani atazisoma kesho. Leo tunajifunza jinsi ya kupunguza hesabu hiyo.

Kwani kuna hasara gani?

Wakenya walipata jibu Juni 2021. Ofisi ya Msajili wa Vyama vya Siasa iliwezesha watu kuangalia kupitia eCitizen kama wamesajiliwa katika chama chochote. Wengi walishtuka kujikuta wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Wengi wao walishuku madaftari ya getini na vitabu vya mawakala, kwa sababu huko ndiko jina, kitambulisho na simu hukaa kwenye mstari mmoja.

Mstari huo huo ndio tapeli anautafuta. Anayetaka kuhamisha laini yako kwenye simkadi yake anahitaji kujifanya wewe, na kila taarifa anayookota inamrahisishia kazi. Akifanikiwa kuichukua laini, anaanza kuwinda pesa zako.

Hatari haiko kwako peke yako. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza faini ya shilingi 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, yenye apu za mikopo za KeCredit na Faircash. Kosa lilikuwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine kuwatumia watu jumbe za vitisho na kuwapigia simu. Yaani unakopa wewe, anasumbuliwa shangazi yako. Wakati huo huo Shule ya Roma ya Uthiru, jirani kabisa na Mountain View, ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Sheria iko upande wako

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinakulinda dhidi ya kudaiwa taarifa za familia yako au mambo yako binafsi pasipo sababu. Kisha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, sehemu ya 25, inasema data inayokusanywa iwe inahusiana na kazi iliyokusudiwa na isizidi kinachohitajika kwa kazi hiyo. Una haki ya kuambiwa data yako itatumika vipi, kuiona, kusahihisha makosa na kuomba taarifa za uongo zifutwe.

Kwa hivyo ukiuliza "Hii ni ya nini?" wewe si mkorofi. Unauliza swali ambalo sheria inataka lijibiwe.

Swali moja, jibu moja

Fikiria unavyotuma pesa kwa simu. Kabla ya kuthibitisha, unaonyeshwa jina la mpokeaji. Swali lako lilikuwa moja tu: ni yule ninayemkusudia? Umejibiwa, na hukuonyeshwa salio lake wala tarehe yake ya kuzaliwa.

Sasa linganisha na kadi ya kitambulisho. Mahali panapouza pombe wanataka kujua jambo moja: umefika miaka 18? Ukiwapa kadi, wanasoma pia jina lako kamili, namba yako na ulikozaliwa. Swali lilikuwa moja, majibu yamekuwa mengi.

Tatizo hili ndilo pochi ya kitambulisho ya kidijitali imebuniwa kutatua. Inafanya kazi hivi:

1. Mtoaji, kwa mfano ofisi ya serikali, anakupa hati ya kidijitali yenye sahihi ya siri ya kihesabu isiyoweza kughushiwa.
2. Wewe unaiweka ndani ya simu yako.
3. Anayetaka kukuhakiki anauliza swali lake. Simu inakuonyesha anachoomba, nawe unakubali au unakataa.
4. Ukikubali, anapata jibu hilo pekee, kama "ndiyo, ana zaidi ya miaka 18". Anaipima ile sahihi na kujua jibu ni la kweli. Pochi ikiundwa vizuri, hata mtoaji hajui umeitumia wapi.

Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2024 inayozitaka nchi wanachama ziwape raia wao pochi ya aina hii kufikia mwisho wa 2026. Hapa Kenya tumepita njia ya kesi. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema utoaji wa Huduma Kadi haukuwa halali kwa sababu athari zake kwa faragha hazikuwa zimetathminiwa kwanza. Baadaye ikaja Maisha Namba, nayo pia ikafikishwa kortini. Fundisho ni kwamba kitambulisho kuwa cha kidijitali hakutoshi. Lazima uulize kinafichua nini, na kwa nani.

Pia tuseme ukweli: pochi hii inahitaji simu janja. Mwenye mulika mwizi asifungiwe nje, na ukipoteza simu lazima pawe na njia ya kuifunga pochi haraka.

Ya kufanya leo

- Getini: Uliza kama jina na unakokwenda vinatosha. Ukiombwa kitambulisho, onyesha kwanza kabla ya kukubali kukiacha.
- Dukani: Lipa kwa namba ya till badala ya kutuma kwa namba ya mtu binafsi. Kwenye Lipa na M-Pesa, sehemu ya namba yako hufichwa kwa muuzaji.
- Kwenye apu: Fungua mipangilio ya simu, uone ni apu zipi zinasoma majina, picha na mahali ulipo. Zima ruhusa zisizo na kazi.
- Nakala ya kitambulisho: Ukilazimika kuituma, andika juu yake tarehe na kazi yake, kwa mfano "kwa ajili ya kukodi nyumba tu".
- Laini zako: Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, ripoti kwa kampuni ya simu mara moja.
- Ukidhulumiwa: Peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inataka yachunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90.

Na sisi je?

Unaweza kutuuliza swali hilo hilo. Unapofungua akaunti tunaomba jina na kitambulisho kwa sababu sheria ya kuzuia utakatishaji wa pesa, ya mwaka 2009, inatutaka tumjue mteja. Namba yako ya siri hatuiombi kamwe, iwe kwa simu, kwa ujumbe au ana kwa ana. Anayeiomba kwa jina letu ni tapeli, kata simu.

Zoezi la wiki hii: kila ukiombwa taarifa, jiulize mwenye kuomba anataka kujua nini hasa, kisha mpe hilo tu.