Bei ya Baisikeli Kuukuu Misikhu

Baisikeli iliyotumika inayouzwa Misikhu, kwenye barabara ya Webuye kwenda Kitale, hutoka kwa mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni bomani: mwenyewe amenunua pikipiki, au anahama, au amefariki na jamaa wanagawana vitu vyake, basi baisikeli inatolewa stoo na kuegemezwa ukutani wapita njia waione. Ya pili ni mtumba. Hizi ni baisikeli zilizokwisha kuchokwa Ulaya au Japani, zikaja kwa kontena hadi Mombasa, zikapita kwa mabroka wa mijini kabla ya kupangwa kando ya lami. Njia zote mbili huzaa bei ya kuruka, lakini kwa sababu tofauti.

Ile ya bomani mara nyingi ni Black Mamba, ambayo watu huiita mamba tu: fremu nyeusi ya chuma, magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma na keria pana nyuma, imetoka India au China. Ni baisikeli za aina hii zilizoanzisha bodaboda mpakani Busia katika miaka ya 1960, na zilibeba abiria Bungoma nzima mpaka pikipiki zilipozifukuza, hasa baada ya serikali kuondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008. Nyingi zimelala na majembe tangu hapo. Mwenye mamba huipima kwa pesa alizotoa zamani na kwa kazi iliyomfanyia: ilipeleka mahindi kwenye posho, ililipa karo. Hesabu hiyo ni yake, haimhusu mnunuzi. Kama ni Raleigh, jina nalo hulipishwa. Ni kweli kiwanda cha Nottingham kiliacha kuunda baisikeli mwanzoni mwa miaka ya 2000 na vyuma vyake vilisifika, ila sifa ya fremu haiponyi cheni iliyokwisha.

Mtumba hupandishwa bei kwa muonekano. Ina gia kumi na nane, ina shoku mbele, rangi bado inang'aa. Kwa mtu wa kubeba gunia la kilo 90 au mitungi ya maziwa kwenye barabara ya murramu, vitu hivyo ni gharama inayongoja. Shoku ikifa haina fundi. Tairi ya mamba hupatikana hata kwenye duka la kijijini, lakini ya mtumba inaweza kuwa ya kipimo ambacho hakipo karibu, na kifaa kidogo cha kubadilishia gia kikivunjika baisikeli nzima hulala hadi mtu aende mjini kutafuta. Mtumba wa gia moja, wenye fremu ya chuma na pahali pa kufunga keria, ndio pekee unaostahili kubishaniwa bei kwa kazi za shamba.

Ukaguzi huanza kwenye fremu, kwa sababu ndiyo isiyobadilishwa. Viungo vyote hutazamwa, hasa chini ya usukani na pale keria inaposhikilia. Bomba lililovimba nyuma ya usukani ni dalili kwamba baisikeli iligonga kitu. Rangi mbichi kwenye kiungo kimoja tu huficha mahali palipochomelewa, na foki iliyochomelewa ni sababu ya kuondoka bila kuuliza bei. Kisha baisikeli hupinduliwa, ikae juu ya kiti na usukani, na magurudumu yazungushwe. Rimu inayoyumba kidogo hunyooshwa kwa kukaza spoku, kazi ya dakika chache. Iliyooza kwenye matundu ya spoku haina dawa. Gurudumu likicheza kando linaposhikwa kwa mikono miwili, goroli zimekwisha. Goroli zenyewe ni rahisi, ila kama kitovu kimelika pia, gharama ni nyingine. Cheni huvutwa kwa mbele kutoka kwenye sproketi kubwa: ikiinuka hadi meno yaonekane, imerefuka. Meno yakiwa yamechongoka, cheni mpya haitakaa juu yake, kwa hiyo cheni, sproketi na friwili hununuliwa pamoja.

Fundi anayeketi jirani na muuzaji ni mjomba wa muuzaji mpaka ithibitishwe vinginevyo. Afadhali kumlipa fundi wa soko jingine aje atazame.

Baada ya hapo bei huhesabiwa kutoka dukani kurudi nyuma. Tuseme mamba mpya mjini Bungoma ni shilingi 13,000, na hii kuukuu inatakiwa 9,000. Inahitaji tairi mbili na tyubu zake kwa 2,400, cheni na friwili kwa 1,200, na fundi 500. Jumla ni 13,100, yaani kuukuu imeipita mpya kwa mia moja. Hesabu hii ndiyo silaha ya kupatana. Kusema tu kwamba bei ni kali hakumshawishi mtu. Kumwonyesha mzee meno ya sproketi na kumwomba atoe gharama yake humwachia heshima na humpa sababu ya kushuka. Bomani, kuidharau baisikeli ya marehemu mbele ya mjane ni utovu wa adabu, na pia ni njia ya hakika ya kuikosa.

Majira nayo yana sauti. Mahindi yanapouzwa mwishoni mwa mwaka, muuzaji hana haraka. Januari, karo ikidaiwa, bei hulegea bila kusukumwa, na hapo mnunuzi mwenye utu hapigi chini ya thamani.

Bei ya chini mno ina maswali yake. Baisikeli za Buffalo zenye fremu nene, kwa mfano, baadhi zilitolewa kwa wanafunzi kupitia miradi ya World Bicycle Relief, kwa hiyo anayeiuza aulizwe aliipataje. Nambari ya fremu hutafutwa chini, karibu na kranki. Ikiwa imesuguliwa, biashara imeishia hapo. Kifungu cha 322 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya kinaruhusu kifungo cha hadi miaka 14 kwa kupokea mali ya wizi. Ununuzi salama huandikwa kwenye karatasi: jina la muuzaji na nambari ya kitambulisho chake, nambari ya fremu, kiasi kilicholipwa, tarehe, na sahihi za mashahidi wawili, mmoja wao akiwa liguru, yaani mzee wa kijiji anakotoka muuzaji.