Sindano ya Kupunguza Uzito kwa Mwenye Kisukari Aina ya Kwanza: Mambo ya Kujua Nyumbani

Kijitabu hiki ni cha mwenye kisukari aina ya kwanza na watu anaoishi nao. Sindano za kupunguza uzito, kama Ozempic, Wegovy na Mounjaro, siku hizi zinauzwa hata mitandaoni, na wapo wanaoanza kuzitumia bila kliniki yao ya kisukari kujua.

Kutamani kupungua si kosa. Wengi wanaotumia insulini huongezeka uzito, na maneno ya watu huumiza. Lakini kila aliyemo nyumbani ashike hili: sindano hii haichukui nafasi ya insulini hata siku moja. Katika kisukari aina ya kwanza, kinga ya mwili imeharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Sindano hii haizirudishi. Inachofanya ni kumshibisha mtu mapema na kuchelewesha chakula tumboni.

Je, daktari anaweza kuiandika?

Anaweza, na wapo wanaofanya hivyo kwa uangalizi wa karibu, ingawa dawa hizi hazikuidhinishwa kuwa tiba ya kisukari aina ya kwanza. Dawa ya kundi hilihili, liraglutaidi, ilijaribiwa kwa watu wazima wapatao 1,400 wenye aina ya kwanza, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Uzito ulipungua. Hata hivyo, matukio ya sukari kushuka hadi mtu kuona dalili yaliongezeka, na kwa waliopewa dozi kubwa, sukari kupanda pamoja na ketoni (asidi ambazo mwili hutengeneza unapochoma mafuta kwa kukosa insulini) nako kuliongezeka. Hatari ziko pande zote mbili, na familia izijue zote.

Sukari inaposhuka

Chukua mama aliyezoea kuchoma insulini ya mchana kabla ya ugali. Leo amechoma kiasi kilekile, amekula matonge manne, ameshiba, amesukuma sahani. Insulini imeshaingia na hairudi. Chakula ni kidogo, na hicho kidogo bado kimekaa tumboni. Saa moja baadaye anatetemeka, jasho linamtoka, anajibu maswali ovyo. Ndiyo maana daktari hupanga upya dozi ya insulini tangu sindano mpya inapoanza, na kila inapoongezwa. Anayetumia insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni awe mwangalifu zaidi, kwa kuwa humlazimu kula kwa saa maalumu hata asipokuwa na hamu.

Sukari ikiwa chini ya 4 mmol/L (70 mg/dL), mpe kitu cha majimaji chenye sukari: vijiko 3 vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika nusu glasi ya maji, au nusu ya chupa ya soda ya mililita 300, si ile isiyo na sukari. Pima tena baada ya dakika 15, na rudia kama haijapanda. Usianze na mkate wala ndizi, maana tumbo linafanya kazi polepole. Akipoteza fahamu, usimtie chochote mdomoni. Mlaze kwa ubavu na mpelekeni hospitali mara moja.

Kutapika: hapa ndipo watu hukosea

Kichefuchefu na kutapika ni maudhi ya kawaida ya sindano hizi, hasa wiki za mwanzo. Lakini hizohizo ndizo dalili za ketoni kujaa kwenye damu, hali inayoweza kuua. Mgonjwa anatapika, nyumbani wanasema "ni ile dawa, itapita". Naye, kwa kuwa hali chakula, anaacha insulini. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Insulini ya muda mrefu haiachwi kwa sababu mtu hajala. Dozi yaweza kupunguzwa kwa ushauri wa kliniki, lakini isikatwe. Kwa anayetumia ya mchanganyiko, pigieni kliniki siku hiyohiyo muulize dozi.

Anayetapika apimwe sukari kila baada ya saa 2 hadi 4, na ketoni kwa vijiti vya mkojo au kwa damu. Ketoni za damu zikifika 1.5 mmol/L, au kijiti cha mkojo kikionyesha alama mbili za kujumlisha, nendeni hospitali. Msidanganywe na sukari ambayo haikupanda sana: kwa mtu asiyekula, ketoni zinaweza kujaa hata hivyo. Akihema kwa kina na haraka, tumbo likiuma, au pumzi ikinuka kama matunda yaliyoiva mno, msisubiri kipimo.

Semaglutaidi, dawa iliyo ndani ya Ozempic na Wegovy, hubaki mwilini takriban wiki 5 baada ya sindano ya mwisho. Kwa hiyo kuacha leo hakumalizi hatari leo. Mwanamke anayepanga mimba aiache angalau miezi 2 kabla. Aliyewahi kuugua kongosho, au mwenye ndugu aliyepata saratani ya tezi ya shingo, amwambie daktari kabla ya kuanza.

Kalamu za bandia

Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu Ozempic bandia zilizogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani. Mwaka 2023 huko Austria watu walilazwa sukari ikiwa imeshuka vibaya, ikishukiwa kwamba kalamu walizonunua zilikuwa na insulini. Kwa anayetumia insulini tayari, hiyo ni dozi juu ya dozi. Nunua kwenye duka la dawa lenye kibali, kwa cheti cha daktari.

Mkifika hospitali, semeni mapema: "Ana kisukari aina ya kwanza, na anachoma pia sindano ya kupunguza uzito." Mkabidhini mhudumu kalamu yenyewe, na mtajieni siku aliyochoma mara ya mwisho.