Ndege ya Kwanza ya Mwanafunzi Rubani katika Nyanda za Juu

Kijana aliyekulia Buger, katika Wilaya ya Karatu, huziona mara kwa mara ndege ndogo zikipeleka watalii Manyara, Ngorongoro na Serengeti. Akipata nia ya kuwa rubani, swali mojawapo atakalokutana nalo mapema ni hili: ajifunzie ndege ya aina gani? Wengi hujibu kwa kutazama bei, mbio au sura ya ndege. Fizikia hujibu kwa njia nyingine. Ndege inayofaa ni ile itakayobaki na akiba ya nguvu katika hewa ya mahali inaporushwa, katika siku iliyo mbaya kuliko zote.

1. Hewa ya pwani na hewa ya Manyara

Ndege hubebwa na hewa inayopita kwenye mabawa yake. Kani ya kuinua ni sawa na nusu ya densiti ya hewa, mara kipeo cha pili cha kasi, mara eneo la bawa, mara kizigeu kinachotegemea umbo la bawa na mkao wake. Kwa hiyo densiti ikipungua, lazima kasi iongezeke ili uzito uleule ubebwe.

Kiwanja cha ndege cha Ziwa Manyara kiko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, takriban mita 1,260 kutoka usawa wa bahari. Katika kimo hicho kanieneo ya hewa ni kama paskali 87,000, ilhali pwani ni kama paskali 101,300. Densiti ya hewa kavu hupatikana kwa kugawanya kanieneo kwa zao la 287 na halijoto katika Kelvin. Tuchukue siku yenye nyuzi 27 za Selsiasi, yaani Kelvin 300:

Pwani: 101,300 ÷ (287 × 300) = kilo 1.18 kwa mita ya ujazo.
Manyara: 87,000 ÷ (287 × 300) = kilo 1.01 kwa mita ya ujazo.

Hewa ya Manyara ni asilimia 86 tu ya ile ya pwani. Kasi ya kuachana na ardhi itazidi kwa kipeuo cha pili cha 1 ÷ 0.86, yaani kwa asilimia 8 hivi. Wakati huohuo injini ya kawaida ya pistoni huvuta hewa kidogo zaidi, na nguvu yake hupungua kwa kiasi kinachokaribia uwiano huohuo.

Umbali wa kukimbia ardhini hufuata kipeo cha pili cha kasi, ukigawanywa kwa mchapuko. Kwa makadirio, umbali huongezeka mara 1.16 × 1.16, yaani mara 1.35. Ndege iliyohitaji mita 300 pwani itahitaji zaidi ya mita 400 Manyara. Nyasi ndefu, tope au mteremko wa kupanda huongeza umbali huo zaidi.

Hapa pana mtego kwa mwanafunzi. Kipimamwendo cha ndege hupima msukumo wa hewa, wala si mwendo juu ya ardhi. Katika hewa nyepesi ardhi huonekana ikipita upesi, na mwanafunzi hudhani amekwisha kupata kasi ya kutosha. Akiinua pua mapema, bawa linaweza kushindwa kuibeba ndege. Ajizoeze kuamini kipimamwendo kuliko macho yake.

2. Viti viwili au vinne?

Cessna 152, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1977 na 1985, ni ndege ya mafunzo iliyoenea duniani. Ina viti viwili, injini ya nguvu za farasi 110, na uzito usiozidi kilo 757. Kila nguvu moja ya farasi hubeba kilo 6.9. Katika hali sanifu ya usawa wa bahari hupanda mita 3.6 kwa sekunde. Katika hewa ya Manyara tuliyoikokotoa, makadirio ni mita 2.3 tu.

Cessna 172 ya miaka hiyohiyo ina viti vinne na nguvu za farasi 160. Ikijaa hadi kilo 1,043, kila nguvu ya farasi hubeba kilo 6.5, tofauti ambayo si kubwa. Lakini mafunzo huhitaji watu wawili tu. Ndege tupu ikiwa kilo 650, watu wawili kilo 150, na petroli ya nusu tangi kilo 60, jumla ni kilo 860. Sasa kila nguvu ya farasi hubeba kilo 5.4. Viti viwili vilivyoachwa wazi vimegeuka kuwa akiba ya usalama.

Kwa hiyo ndege ndogo inayotosha kabisa pwani si lazima itoshe Karatu. Ni kweli kwamba ile kubwa hutumia petroli nyingi zaidi kwa saa, na kanuni za kimataifa hudai kwa kawaida saa 40 za kuruka kabla ya leseni ya rubani binafsi. Gharama hiyo haipuuziki. Anayelazimika kutumia ndege ndogo aruke asubuhi hewa ikiwa baridi, tena kwa mzigo mdogo.

3. Umbo na matunzo

Gurudumu la puani humsaidia anayeanza, kwa kuwa ndege hujinyoosha yenyewe inapotua. Ndege yenye gurudumu dogo la mkiani hustahimili viwanja vibaya, lakini hugeuka upande kwa urahisi ardhini na hudai miguu yenye ustadi. Bawa la juu hukaa mbali na vichaka na mawe, na humwezesha mwanafunzi kuona ardhi iliyo chini yake. Pia yafaa kuuliza kama fundi, vipuri na petroli ya ndege vinapatikana karibu, maana petroli hiyo haiuzwi katika kila kiwanja.

4. Funzo la Ngorongoro

Ndege nzuri haiondoi hatari zote. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege ya Dornier Do 27, iliyofaa sana kwa viwanja vifupi. Tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tai mla mizoga, ikaanguka, na Michael akafa akiwa na umri wa miaka 24. Alizikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Ndege ilikuwa imechaguliwa vema. Hata hivyo anga ina wenyeji wake. Akiba ya nguvu na ya kimo humpa rubani nafasi ya kutenda, lakini haimpi hakikisho.

Zoezi

(a) Kokotoa densiti ya hewa ya Manyara asubuhi, halijoto ikiwa nyuzi 12 za Selsiasi na kanieneo ikiwa ileile.
(b) Linganisha jibu lako na densiti ya saa nane mchana, halijoto ikiwa nyuzi 30.
(c) Eleza ni saa ngapi ungependa mwanafunzi apae peke yake kwa mara ya kwanza, na kwa nini.