Prednisoloni, Haidrokotisoni au Deksamethasoni?

Dawa hizi zinatofautianaje?

Zote ni steroidi: huiga kotisoli, homoni ya tezi mbili zilizokaa juu ya figo, na zote hutuliza uvimbe na kinga ya mwili iliyozidi kiasi. Zinatofautiana kwa nguvu, kwa muda zinaofanya kazi, na kwa chumvi zinayoibakiza mwilini. Miligramu 5 za prednisoloni ni sawa na miligramu 20 za haidrokotisoni, au takriban miligramu 0.75 za deksamethasoni. Udogo wa kidonge, basi, haumaanishi udhaifu wa dawa.

Daktari huchaguaje?

Haidrokotisoni hubakiza chumvi kama homoni yenyewe, hivyo hupewa mtu ambaye tezi zake zimeshindwa kazi. Prednisoloni ndiyo ya kawaida kwa pumu iliyobana na kwa baridi yabisi. Hunywewa asubuhi baada ya chakula, maana ya jioni hufukuza usingizi. Deksamethasoni hudumu muda mrefu zaidi na haibakizi chumvi, sifa inayofaa pale ubongo umevimba kwa sababu ya saratani.

Ujauzito huonyesha tofauti hiyo waziwazi. Kondo la nyuma huidhoofisha prednisoloni kabla haijamfikia mtoto, kwa hiyo ndiyo hupewa mama anayeumwa yeye mwenyewe. Deksamethasoni hupenya, hivyo mama anayeelekea kujifungua kabla ya wakati hudungwa hiyo ili mapafu ya mtoto yakomae.

Madhara yake ni yapi?

Ndani ya siku chache sukari na hamu ya kula huweza kupanda. Miezi ikipita, uso hujaa, presha hupanda, mifupa hudhoofika, mtoto wa jicho huanza, na kifua kikuu kilicholala huweza kuamka. Krimu nazo zimo: mkorogo wa kujichubua mara nyingi huwa na klobetasoli, steroidi kali mno, na ngozi hubaki nyembamba yenye michirizi isiyofutika.

Je, zinaweza kuachwa ghafla?

Za siku chache, kwa kawaida ndiyo. Zikizidi wiki tatu hivi, tezi huwa zimezoea kukaa bure; mgonjwa akikatisha dozi hulegea, hutapika, presha huanguka, na anaweza kufa. Dozi hushushwa kidogokidogo kwa maelekezo ya daktari, na anayezitumia kwa muda mrefu hupaswa kusema hivyo kabla ya upasuaji wowote, hata kama hakuulizwa.